Mnyororo wa Siku ya Tatu

Mbwa alimng'ata Fundi Sponji siku ya tatu tangu aletwe nyumbani. Alimng'ata mkono wa kulia, ule wa kushika nyundo. Kisha akararua kochi la watu watatu ambalo mwenyewe angekuja kulichukua jioni hiyo hiyo.

Fundi alibaki amesimama katikati ya karakana yake, mdomo wazi. Damu ilidondokea ndala zake. Vipande vya sponji vilikuwa vimetapakaa kila mahali. Mbwa alikuwa amejibana chini ya meza ya kukatia vitambaa, mnyororo shingoni, amejikojolea, anatetemeka.

Mkewe alitoka ndani mbio.

"Asante ya punda ni mateke!" Fundi alifoka. "Siku mbili namlisha, leo ananila mimi!"

"Habari za punda baadaye. Lete mkono."

Alimvuta hadi bombani. Akafungulia maji, akaanza kuosha jeraha kwa sabuni.

"Basi, mke wangu, inauma!"

"Dakika kumi na tano. Redio inasema kila siku. Au wewe husikia nyimbo tu?"

Baada ya hapo walikwenda hospitali. Fundi alichomwa sindano ya kwanza, akapewa tarehe za nyingine tatu. Njiani kurudi aliutazama tu mkono wake. Alikuwa haamini.

Maana mbwa yule alikuwa mpole kupita kiasi. Walimchukua katika kituo cha mbwa waliookolewa, kwa sababu mkewe alimpenda. Wakamwita Mgeni. Siku mbili nzima hakubweka. Alilala akitazama ukuta. Majirani walimiminika kumwona, na kila mmoja alimpapasa kichwa. "Ana adabu kuliko wewe, shemeji," dada wa mkewe alimtania Fundi, na watu wakacheka.

Siku ya tatu Fundi alisema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Akanunua mnyororo ili mbwa alinde makochi. Alipoufunga tu shingoni, Mgeni akageuka mnyama mwingine.

Mchana mama mhudumu wa kile kituo alifika, baada ya kupigiwa simu. Fundi alimpokea mlangoni kwa mkono uliofungwa bendeji.

"Mchukue mbwa wako, dada. Leo hii."

Mhudumu alichungulia chini ya meza. Uso wake ukabadilika.

"Mmemfunga mnyororo?"

"Sasa nimfunge utepe?"

Mhudumu hakucheka. Aliinama polepole, akaufungua mnyororo, akarudi nyuma. "Ile karatasi niliyowapa, mliisoma?"

"Karatasi gani?"

"Ngumu, ya njano."

Fundi aligeuka kutazama ukuta. Karatasi ilikuwa pale, inaning'inia kwenye msumari pamoja na karatasi zake nyingine za kupimia vitambaa kabla ya kukata. Aliipenda kwa ugumu wake. Alikuwa ameikata kwa umbo la mkono wa kochi.

Mkewe aliitungua, akasoma kilichobaki.

"'Alikutwa amefungwa kwenye nguzo ya nyumba ambayo wenyewe wamehama. Alikaa hapo siku kumi na moja. Mnyororo ulikuwa umezama kwenye nyama ya shingo. Tafadhali, msimfunge...'"

Hapo mkasi ulikuwa umepita.

Fundi alikaa kwenye kochi lililoraruka. Alikuwa ameona ule mstari usio na manyoya shingoni. Alidhani ni upele.

"Lakini alikuwa mpole," alisema kwa sauti ndogo.

"Ule haukuwa upole, bwana. Ilikuwa hofu. Mbwa aliyeteswa huhitaji kama siku tatu apunguze kutetemeka. Wiki tatu azoee nyumba. Miezi mitatu ndipo ajue hapa ni kwake. Wengine huchukua muda zaidi. Wewe siku ya tatu umeshampa jembe."

"Si ndiyo methali?"

"Mgeni wa methali ana kwao pa kurudi. Huyu hana. Kabla yenu ameshatoka kituoni mara mbili, na mara mbili amerudishwa. Akirudi tena na habari ya kung'ata, hakuna atakayemtaka."

Mke alimtazama mumewe. "Mkono ulioumia ni wako. Sema wewe."

Fundi alitazama chini ya meza. Macho mawili nayo yalimtazama.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Mpe kona yake, pasipo na kelele za nyundo. Mlishe saa zile zile, mahali pale pale. Akila, usimguse. Usimwinamie, usimpapase kichwa. Kaa karibu, nyamaza, aje mwenyewe. Wageni wasubiri. Funga geti badala ya kumfunga yeye. Chanjo zake ziko sawa, lakini mchunguzeni siku kumi kama madaktari wanavyosema. Na wewe usikose sindano hata moja."

Jioni mwenye kochi alifika. "Nani amekula kochi langu?" alipiga kelele. Fundi aliomba radhi, akaahidi jingine. Sponji zilizoraruka alizishona ziwe godoro dogo, akaliweka nyuma ya mlango wa jikoni.

Wiki ya tano, Fundi akiwa amekaa anashona, alihisi kitu cha moto juu ya mguu wake. Kilikuwa kichwa cha Mgeni. Fundi hakusogea mpaka mguu ukafa ganzi.

"Mbona unalia?" mkewe aliuliza.

"Vumbi la sponji."

Siku hizi mteja akimsifu mbwa, Fundi humwambia alichotoa ili wafike hapo. Kochi moja la watu watatu, alilotengeneza upya bila malipo. Sindano nne. Siku tisa bila kushika nyundo. Ndala mbili alizotafuna Mgeni, zote za mguu wa kushoto. Wiki tano za kukaa na mbwa bila kumgusa. Na mnyororo mmoja mpya, alioukata vipande saba kwa msumeno wa chuma, mkewe akiwa amempeleka Mgeni mbali, asiusikie ukilia.