Mkalimani wa Nyogokuru

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Igihozo alimsindikiza bibi yake mpaka soko dogo la mtaa wa Ndosho. Bibi aliitwa Nyirarukundo, lakini nyumbani wote walimwita Nyogokuru, yaani bibi kwa Kinyarwanda. Yeye alibeba kikapu cha maharage, Igihozo akabeba kigoda cha kukalia. Nyogokuru alikuwa na miaka sabini na miwili na hakupenda kusaidiwa. Ukimwambia apumzike, alikuuliza kama ni wewe uliyechoka.

Lakini tangu mvua za Septemba, mwinuko ulio kabla ya soko ulianza kumshinda. Alisimama mara tatu, akashika kifua, kisha akaendelea kana kwamba alikuwa akitazama wapita njia tu. Siku moja kizunguzungu kilimkalisha barabarani. Hospitalini walipiga picha ya moyo, wakaona kwamba mlango mdogo unaopitisha damu kutoka moyoni kwenda mwilini umekuwa mgumu na haufunguki vizuri. Usipobadilishwa, waliambiwa, moyo utachoka kabisa.

Bahati nzuri, Dokta Zihindula, daktari wa moyo, alikuwa akichagua wagonjwa wa kupelekwa hospitali kubwa ng'ambo ya mpaka. Huko mlango mpya huingizwa ukiwa umekunjwa, ukapitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, bila kupasua kifua. Nyogokuru aliitwa aje kuonwa siku ya Alhamisi.

Jirani yao, Mama Mapendo, hakuwahi kukosa shauri, na aliposikia habari hiyo alilileta bila kuombwa.

"Mama Igihozo," alisema, "ule mulango wanapatiaka tu wazee wenye kuchoka sana. Baba mukubwa wangu walimukatalia, eti angali na nguvu. Mukimupeleka huyu anatembea vile, watamuruka."

Mama yake Igihozo, Umuhire, aliamini upesi, na alikuwa na sababu. Walipokimbia vita kule Masisi waliishi kambini, na huko walijifunza jambo moja: siku ya kuandikisha majina ya msaada, aliyevaa kitenge kizuri alirukwa. Basi watu walificha vitenge vizuri mifukoni na kuvaa vilivyochakaa. Hakuna aliyeona kuwa ni uongo. Ilikuwa njia ya kupata unga.

Mama alikuwa na mtoto mchanga wa wiki mbili, hakuweza kwenda. "Ni wewe utatafsiri," alimwambia Igihozo. "Nyogokuru hajui Kiswahili. Dokta akiuliza, sema hatembei, na chakula tunamulisha. Ni kwa kumuponyesha."

Igihozo alikubali. Alimpenda bibi yake kuliko watu wote, akaona kwamba uongo wa kumponya mtu hauwezi kuwa uongo mkubwa.

Siku ya Alhamisi walipanda pikipiki hadi hospitali. Dokta Zihindula, mwanamume mnene mwenye sauti ya taratibu, aliwakaribisha wakae.

"Muzee, kwa siku unatembeaka mpaka wapi?"

Igihozo alimuuliza bibi kwa Kinyarwanda. Nyogokuru akajibu bila kusita, "Mwambie kila siku naenda sokoni na kikapu kichwani. Napumzika mara tatu tu, halafu nafika."

Igihozo alimgeukia daktari. "Anasema hatembei, Dokta. Hata kusimama hawezi."

"Kula je?"

"Tunamulisha."

Daktari aliandika, akatazama picha ya moyo, akamtazama Nyogokuru, kisha akaweka kalamu mezani.

"Basi, mutoto wangu, sitaweza kumutuma. Mutu mwenye kulala kitandani vile, safari na kazi ya mulango vinaweza kumumaliza. Nitamuandikia tu dawa za kumupunguzia maumivu."

Igihozo alikuwa amemfungia bibi yake njia kwa mdomo wake mwenyewe.

"Amesema nini?" Nyogokuru aliuliza.

Igihozo hakuweza kutafsiri. Aliogopa mama, akaogopa daktari, lakini zaidi ya wote aliogopa kurudi nyumbani na dawa za kupunguza maumivu. Akaanza kulia.

"Dokta, nimedanganya. Anatembea. Anaenda sokoni kila siku. Tulisikia kama munachukua tu wenye kuchoka kabisa."

Kisha akageuka na kumweleza bibi yake yote. Nyogokuru alimkazia macho. "Ulinifanya maiti nikiwa nimekaa hapa?" alisema, akanyanyuka kitini kwa hasira.

Daktari hakukasirika. "Kweli, zamani ilikuwa vile," alisema. "Njia hii ilipokuwa mupya, tuliwafanyia tu wale wasioweza kuvumilia kupasuliwa kifua. Kisha madaktari wakafuatilia wagonjwa wengi, wakaona inasaidia hata wenye nguvu. Leo muzee mwenye kutembea anapokelewa pia, vipimo vikikubali. Njo maana nauliza. Sasa twende korido, nimuone mwenyewe."

Nyogokuru alitembea koridoni dakika sita, huku na huku. Mara moja alisimama, akashika ukuta, akahema. Igihozo alitaka kumkimbilia, lakini daktari akamzuia kwa mkono. Bibi akaendelea hadi dakika zikaisha.

"Jina lake litaingia," daktari alisema. "Lakini kwanza atafsiriwe haya, bila kupunguza wala kuongeza. Watu wengi wanapona. Wachache wanapata shida kubwa, na kuna wenye kufa. Ni yeye atakayeamua."

Kusema neno hilo la kufa mbele ya bibi yake kulimuuma Igihozo, lakini alilisema. Nyogokuru alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie niko tayari."

Walipoagana, daktari alimwambia Igihozo, "Wahenga walisema, mficha maradhi kifo kitamuumbua. Na mwenye kuyakuza naye asijione salama. Wote wawili wanamupa daktari mugonjwa asiyekuwepo."

Nyumbani, Igihozo alieleza yote. Mama aliinamisha kichwa.

Wiki saba baadaye Nyogokuru alivuka mpaka akisindikizwa na shangazi yake Igihozo. Siku ya tatu simu ililia. Mlango mpya ulikuwa umekaa vizuri, shangazi alisema, na bibi alikuwa tayari amegombana na muuguzi aliyetaka kumshika mkono aende chooni. Mama alicheka huku machozi yakimtoka. Kisha akamwita Igihozo akae karibu naye.

"Nilikufundisha vibaya, binti yangu," alisema. "Kule kambini niliogopa kunyimwa, nikazoea kujifanya. Lakini Dokta hakukuwa anagawa musaada. Alikuwa anapima. Mwenye kukupima, umupe ukweli wote, hata kama unaogopa. Bila wewe kusema kweli siku ile, leo tungekuwa tunalia."