Filta Iliyogoma

Walikutana kwenye duka la spea, Jumamosi asubuhi, saa ile ambayo kila mwenye gari bovu mjini hukumbuka kwamba analo. Watu walibanana mbele ya kaunta, kila mmoja akinyoosha kipande chake cha chuma kilichochakaa, na asiyepiga kelele hakuhudumiwa. Mwanamke mmoja, mpima macho, alikuwa amesimama hapo nusu saa nzima. Alivaa gauni la bluu na miwani ya fremu nyekundu, na mkononi alishika filta kuukuu ya oili iliyofungwa kwenye gazeti.

"Kaka, nataka kama hii," akasema kwa mara ya tatu.

"Mwambie mumeo aje mwenyewe, dada, nisije nikakupa siyo," muuzaji akajibu bila kumtazama.

"Mume sina, gari ninalo. Unauza filta au unaposa?"

Duka zima likaangua kicheko. Aliyecheka kupita wote alikuwa nyuma yake, mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya kijivu, na ndiye aliyemfuata hadi nje.

"Dada, samahani. Ni kweli unabadilisha oili mwenyewe?"

"Kwani wewe unaogeshwa na nani?"

Yule bwana, fundi wa lifti mwenye mdomo mwingi, akacheka tena na kumwomba namba ya simu. Wenzake kazini walimwita Ngazi, kwa sababu hakukubali kupanda lifti ambayo hakuitengeneza yeye mwenyewe. Wiki haikuisha kabla naye hajaanza kumwita yule dada Macho. Mwezi haukuisha kabla hawajaanza kupigiana simu asubuhi na jioni, wakiulizana mambo ambayo mtu mzima haulizi, kama vile umeota nini na umevaa soksi za rangi gani.

Gari lilikuwa la baba yake Macho, dereva mstaafu, mjane, ambaye alimfundisha binti yake huyo wa pekee kulala chini ya injini tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Kila baada ya miezi mitano baba na mwana walitandika turubai uani, wakamwaga oili chafu, wakafungua filta, wakafunga mpya. Filta inakazwa kwa mkono tu, mzee alikuwa akisema, ukiikaza kwa spana unamtengenezea mwenzako kilio. Ngazi aliporuhusiwa kuhudhuria shughuli hiyo kwa mara ya kwanza, akiwa na kazi moja tu ya kushika tochi, alijua amekubaliwa nyumbani.

Kisha mzee akafariki. Mwezi ule ule wa msiba, Macho alibadilisha oili peke yake, mlango wa ua ukiwa umefungwa, na hakutaka hata wa kushika tochi.

Wiki tatu baadaye alirudi kutoka kazini akamkuta Ngazi uani, mikono myeusi hadi viwiko, anafunika boneti.

"Unafanya nini hapo?"

"Nimekubadilishia oili, mpenzi. Kesho una safari ndefu."

"Ya juzi tu hiyo! Nani amekutuma?"

"Sijatumwa. Nilitaka tu..."

"Ulitaka kunionea huruma, kama wote wanavyonionea huruma! Hii ilikuwa kazi yangu na Baba. Ndiyo pekee niliyobaki nayo, Ngazi, na wewe umeona uingize mkono wako humo!"

Ngazi alitupa jicho chini ya gari. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kisha akasema, "Samahani, Macho," akaondoka. Simu zake hazikupokelewa. Alipiga siku kumi na moja mfululizo, halafu akachukua kazi ya kufunga lifti katika hospitali mpya, mji wa mbali, mwendo wa saa sita kwa barabara.

Miezi mitano si mingi kwa kuisema. Kwa kuiishi ni mingine kabisa. Macho alipika sahani moja, akaosha sahani moja. Aliwasha redio akiingia bafuni ili nyumba iwe na mtu anayeongea. Kuna siku zilipita ambazo maneno yake yote kuanzia alfajiri yalikuwa ni "soma mstari wa chini" na "sasa funika jicho la kulia", basi, hadi kulala. Alimkumbuka Ngazi asubuhi na jioni, na hakumpigia. Tangu azikwe baba yake alikuwa amejiapiza kutomwomba binadamu yeyote chochote, na kiapo hicho alikishikilia kwa ukaidi wa kurithi.

Muda wa oili ukafika. Jumamosi asubuhi alivaa suruali kuukuu ya baba yake, akaikunja miguuni, akapandisha gari kwa jeki, akalikalisha kwenye stendi za chuma na kumwaga oili. Kisha akaishika filta, akazungusha.

Haikwenda.

Akaifuta, akaizungushia msasa ili isiteleze, akajaribu tena. Ikagoma. Akaleta mkanda wa suruali, ukateleza. Akaleta spana ya mnyororo, ikaiminya filta tu kama kopo la maziwa. Mwishowe akapandwa na hasira, akafanya lile ambalo mzee angemfokea: akapigilia bisibisi ndefu katikati ya filta, ikatokea upande wa pili, akavuta kwa nguvu zake zote. Bati likachanika. Oili iliyobaki ikamwagikia shavuni, ikajaza kioo kimoja cha miwani, na filta yenyewe ikabaki palepale ilipokuwa.

Macho akalia chini ya gari, kwa sauti, kama mtoto.

"Wee dada!" Kichwa cha Mama Pacha, jirani yake, kikachomoza juu ya ukuta. "Umeumia au umechoka?"

"Vyote."

"Si umwite yule wako?"

"Yule si wangu."

"Haya, basi si wa mtu. Ila huyo asiye wa mtu hunipigia kila Ijumaa kuuliza kama unakula. Na jana kaniambia Jumatatu anasaini mkataba, miaka miwili huko huko." Mama Pacha akashuka kidogo, kisha akachomoza tena. "Mimi simo, lakini nimekwambia."

Macho alibaki amelala pale, akihesabu siku. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Akafuta mkono kwenye suruali, akachukua simu, akampigia Ngazi, akaiweka kifuani spika ikiwa wazi. Iliita mara moja tu.

"Macho?"

"Uliikaza kwa kutumia nini hii filta?"

Ngazi akashusha pumzi. "Kwa spana."

"Spana! Wewe, unayejua? Baba alikwambia mara ngapi?"

"Najua. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Achana nayo. Imekwamaje?"

"Ngazi, uliogopa nini?"

Ngazi alijikohoza. Aliposema, alisema polepole, kama mtu anayeshusha mzigo wa mwenzake. "Niliona matone ya oili chini ya gari. Nikaingia kuangalia, nikaifungua filta yako nikakuta mipira miwili ya kuzibia oili. Mpira wa filta ya zamani ulibaki umeganda kwenye injini, nawe ukafunga mpya juu yake. Ilikuwa inavuja, mama. Na kesho yake unaenda safari ya mbali, peke yako. Niliogopa isije ikavuja tena, nikakaza kupita kiasi."

Macho alijiona siku ile, mwezi wa msiba, machozi yanamtiririka, anafunga filta bila kuona vizuri. Kosa la mtu anayeanza kujifunza, limefanywa na mtu aliyefundishwa na baba yake kwa miaka ishirini.

"Mbona hukuniambia? Nilikutukana ukanyamaza!"

"Ulisema ndiyo pekee uliyobaki nayo. Sasa ningekwambia nini, kwamba hata hiyo umekosea?"

Macho alifunika uso kwa mikono yenye oili. Alitamani amrudishie mwanamume huyu siku zote zile kumi na moja za simu zisizopokelewa.

"Una tindo?" Ngazi akauliza, sauti imerudi kuwa ya fundi. "Weka ncha yake kwenye ukingo wa juu, ule mnene unaogusa injini. Gonga kwa nyundo kuelekea kushoto. Pole pole, usiivamie."

"Haiendi."

"Sogea upande mwingine, gonga tena. Ibembeleze."

"Unavyonibembeleza mimi?"

"Wewe ni mgumu kuliko hiyo."

Akacheka, na kicheko kikamshangaza kwa jinsi kilivyokuwa kigeni chini ya lile gari. Akagonga. Akahama, akagonga. Katika pigo la nane au la tisa ukingo ukasogea kiasi cha upana wa kucha. Baada ya hapo aliizungusha kwa vidole tu.

"Imetoka! Na mpira wake umetoka nayo, nimeuona kwa macho yangu."

"Hongera," Ngazi akasema. "Basi. Kazi imekwisha, Macho. Nikuache ufunge mpya."

Simu haikukatwa. Filta ilikuwa imeshatoka, na kisingizio cha simu kimetoka nayo.

"Usisaini kwanza," Macho akasema.

"Macho..."

"Nimekukosea, na nimekukosa. Sitaki uache kazi, sijui hata nataka tufanyeje. Nataka kukuona kabla hujashika kalamu. Nakupenda, Ngazi. Nyumba hii imenishinda."

Kutoka upande wa pili ikaja sauti ya mwanamume mzima anayejitahidi asilie na anayeshindwa. "Nakuja. Kuna basi la..."

"Hapana, wewe umekuja mara nyingi mno. Nafunga filta, natia oili, naoga, nakuja mimi. Jioni niko huko."

"Peke yako?"

"Peke yangu hadi hapo mjini." Akatoka chini ya gari, akaketi kwenye turubai, akavuta pumzi kwa ajili ya maneno ambayo hakuwa amemwambia mtu tangu msiba. "Ila nisaidie, mpenzi. Unisubiri barabarani, maana kwako sikujui."