Diski Iliyoandikiwa Kifo

Aliyesimulia kisa hiki kwa mara ya kwanza ni Fundi mwenyewe. Alimsimulia mkewe, Jumapili moja ya mwezi wa nane, miaka miwili baada ya baba yake kuzikwa, na mke akakitunza kama kilivyo bila kukipamba. Kinaandikwa hapa hivyohivyo.

Fundi alikuwa na karakana ya kompyuta chini ya nyumba ya ghorofa, chumba kimoja chenye meza mbili na rafu ya chuma. Sehemu ya juu ya rafu aliiita makaburini. Diski ikimshinda, aliibandika utepe mweupe, akaandika tarehe, akasema kwa sauti, "Mwenyewe kahama, nyumba tupu." Wateja walicheka. Kila karakana ina utani wake.

Jumapili hiyo alikuwa amefunga karakana, ila mdogo wake wa kike alimpigia simu akaomba amfungulie. Alifika saa nane mchana akiwa amepakata kompyuta ya marehemu baba yao, kaizungushia shuka kama mtoto mchanga. Nyumbani walimwita Mziwanda, kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa. Alikuwa mshonaji, mtu wa maneno machache, na kwa miaka saba kabla baba hajafa hakuwa amekanyaga nyumbani, kwa sababu baba mwenyewe alimfukuza.

"Nimeichukua kwa Shangazi," alisema. "Anasema Baba alirekodi kitu humu kabla hajafa. Alimsikia akiongea peke yake chumbani, akinitaja."

Fundi aliipokea. Ilikuwa ya moto.

"Mbona ina joto?" aliuliza. "Mliiwasha?"

"Tuiwashe na nini? Haina betri, Kaka. Imekaa kabatini miaka miwili."

"Basi ni jua la njiani."

"Nimekuja na mwavuli."

Fundi aliiweka mezani, akaunganisha waya wa umeme, akachomeka flashi ya uokoaji. Flashi ya namna hiyo ni kama kompyuta ndogo ya kuazima: mashine inaamkia humo badala ya kuamkia kwenye diski yake ya ndani, kisha fundi anachungulia diski na kutoa kinachotoka. Kioo kiliwaka. Aliita orodha ya diski zote. Ikaja flashi peke yake.

"Unaona? Haioni kitu. Niliwaambia tangu msibani, diski hii imekufa."

"Jaribu tundu jingine."

Akajaribu. Flashi peke yake.

"Kuna mteja wangu anajua mambo haya," Mziwanda alisema polepole. "Anasema diski inaweza kuwa nzima kabisa, ila kuna mpangilio kule kwenye bayosi, ile programu inayoiamsha mashine. Ukiwekwa vibaya, flashi inapita mlangoni bila kuuona mlango."

"Mwambie mteja wako ajishonee suti mwenyewe, maana ufundi wote anao yeye."

"Kaka, nimekuuliza vizuri."

Aliuliza vizuri, kweli, na hilo ndilo lililomchoma. Mteja alikuwa sahihi. Mpangilio ule, unaoamua jinsi diski inavyosemezana na mashine, Fundi ndiye aliyeugeuza kwa mkono wake siku tatu baada ya mazishi. Kufuta sauti ya baba hakuthubutu. Akaificha tu. Kisha, ili hata atakayefungua mashine asiwe na shaka, alibandika utepe mweupe juu ya diski iliyo hai, akaandika tarehe, akasema maneno yake ya siku zote. Mwenyewe kahama, nyumba tupu. Aliyasema akiwa peke yake, na mara hiyo hakucheka.

Alichokificha ni hiki. Mama yao alipolazwa hospitali, watoto walikaa naye kwa zamu. Alasiri aliyokata roho, kiti cha kando ya kitanda kilikuwa kitupu. Zamu ilikuwa ya Fundi, naye alikuwa kwenye mpira. Baba alipouliza, Fundi alisema ilikuwa ya Mziwanda. Baba akamfukuza binti yake siku hiyohiyo, hakutaka kusikia neno. Miaka saba baadaye mzee alikuta ratiba ya zamu ndani ya mkoba wa marehemu mkewe, kwa mwandiko wa Fundi. Hakumgombeza. Alikaa mbele ya kompyuta, akarekodi, akamwita. "Sikiliza wewe kwanza," alimwambia, "kisha umtumie mdogo wako." Kwa siku tisa, toka siku hiyo hadi mwisho wake, aliuliza kila asubuhi, "Umetuma?" Fundi akasema ametuma. "Amejibu?" Akasema bado.

"Haya," Fundi alisema sasa, "tuangalie hiyo bayosi."

Alikusudia kuigiza tu. Lakini kidole kilikuwa hakijagusa kitufe, kukasikika kugonga ndani ya mashine. Mara tatu, kimya, mara tatu. Si mlio wa diski mbovu. Huo aliujua kama sauti ya mkewe. Ulikuwa mgongo wa kidole juu ya ubao, hodi ya mtu aliye ndani anayetaka kutoka.

"Ni nini hicho?" Mziwanda alinong'ona.

"Feni."

Ndipo ikaja harufu ya dawa ya kuchua, ile aliyopakwa baba miezi yake ya mwisho, na chini yake harufu ya kafuri anayopakwa maiti. Fundi aliingia kwenye bayosi, safari hii kwa kweli, akarudisha mpangilio ulivyokuwa, akawasha upya. Orodha ikaja. Flashi peke yake. Akazima, akawasha, akaangalia mpangilio mara ya pili na ya tatu, uko sawa, hauna kosa, na bado orodha ikasema hakuna diski, na jasho likaanza kumtiririka mgongoni, kwa sababu sasa hakuwa anaigiza. Akachomoa waya wa umeme, akafungua skrubu za chini, akaitoa diski akaiweka mezani, haijaungwa na chochote, utepe wake mweupe juu, na pale mezani, juu ya mbao kavu, mbele ya macho ya watu wawili mchana kweupe, diski ile ikaanza kuzunguka, taratibu, kisha kwa kasi, ikitetemesha bisibisi na vikombe, hadi kioo cha ile kompyuta isiyo na umeme kikawaka cheupe na spika zake zikavuta pumzi.

"Umetuma?" ikasema sauti ya baba.

Mziwanda alishika kinywa.

"Amejibu?"

"Baba?" alisema. "Baba, ni mimi."

Kukawa kimya, kama mtu anayegeuza shingo kumtafuta aliyesema. Kisha sauti ileile, yenye mkwaruzo uleule, ikasema kwa utulivu, "Wewe nani? Sina binti. Nilikuwa na mmoja, alimwacha mama yake afe peke yake."

Mziwanda hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, akajikunja, kama aliyekuwa akilitarajia neno hilo miaka yote. Fundi alijua kuwa baba hakulisema. Alijua neno kwa neno alichosema baba. Hata hivyo ulimi wake haukunyanyuka. Alichofanya ni kumpigia simu Shangazi.

Shangazi aliishi mtaa wa pili, na watu walimwita walipoona mambo ya ajabu ndani ya nyumba zao. Alikuja na kandambili, hana hirizi wala ubani. Alisimama mlangoni akanusa, akaiangalia diski inayozunguka.

"Nani kabandika huu utepe?"

"Mimi."

"Ukasemaje?"

Akamwambia.

"We mtoto, una akili kweli?" Shangazi alisema kwa sauti ya chini. "Hawa wenzetu wasioonekana wanakaa mahame, nyumba zilizoachwa. Wewe umetangaza nyumba tupu na mwenyewe yumo. Wamesikia, wamehamia. Sasa mmoja amemkalia ndugu yangu kifuani, anatumia mdomo wake."

"Mtoe, Shangazi. Soma chochote."

"Nimsomee nini? Hakuvunja mlango, alikaribishwa. Aliyemkaribisha aseme nyumba ina mtu, na aseme ni nani, na mtu huyo alisema nini. Aseme mbele ya aliyeambiwa. Ukikaa kimya, kesho atamwambia mabaya zaidi, na huyu ataamini mpaka kaburini."

Spika zikacheka, kicheko cha baba cha siku za sikukuu.

Fundi alipiga magoti mbele ya mdogo wake. "Nyumba ina mtu," alisema. "Ni Baba. Alisema, 'Mwanangu, zamu haikuwa yako. Nimeona ratiba. Ni kaka yako aliyemwacha mama yenu, na ni mimi niliyekufukuza bila kuuliza. Njoo nikuombe radhi nikiwa bado nina macho ya kukuona.' Alisubiri siku tisa, Mziwanda. Nilimwambia hujajibu."

Diski ikapunguza kasi, ikasimama. Utepe ukajibandua wenyewe, ukajikunja. Harufu ya kafuri ikapita kati yao kuelekea mlangoni, na Shangazi akasogea pembeni, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye ngazi.

Fundi alirudisha diski, akachomeka waya wa umeme, akawasha. Orodha ikaonyesha diski mbili. Aliipata rekodi, akampa mdogo wake visikilizio, akatoka nje.

Mziwanda alipomfuata nje, alikuwa na kompyuta kifuani na macho mekundu. "Alinisubiri," alisema.

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Ila si leo, na usiniulize lini." Akapiga hatua mbili, akageuka. "Kaka, chumbani kwa Baba mlikuwa wangapi alipokuwa anarekodi?"

"Alikuwa peke yake."

"Mwishoni kuna anayemwitikia."

Fundi aliifahamu rekodi ile neno kwa neno, na hapakuwa na wa kuitikia.

Shangazi alifariki mwaka uliofuata, kwa uzee, usingizini. Mke wa Fundi yu hai. Fundi yu hai, ingawa karakana aliifunga, na mpaka leo hajaulizia siku ya kusamehewa. Mziwanda yu hai, na kompyuta anayo. Husema huisikiliza rekodi kila mwezi, na kwamba imerefuka kidogo. Huyo mwingine anayeitikia hatumweki kwenye hesabu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumzika.