Babu Ametangulia

Sogeeni. Aliye na tonge mdomoni ameze kwanza. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzio. Haya.

Palikuwa na msichana mmoja, jina lake Tunu. Alikaa na Mama, Baba na Babu, karibu na mashamba ya mkonge.

Mkonge mnaujua? Una majani marefu, magumu, yenye ncha kali. Ukiuchezea utakuchoma, na usije kulia kwangu.

Kila mwaka, magari ya mashindano yalipita katikati ya mkonge ule. Magari ya rangi rangi, yenye namba mlangoni, yenye kelele za kuamsha mtaa mzima.

Na kila mwaka, Babu alitoka alfajiri na baiskeli yake. Alichukua mkeka. Alivaa kofia yake ya bluu. Kisha alisema, "Mimi natangulia. Nyinyi nifuateni."

Jua likipanda, Tunu, Mama na Baba walifuata kwa miguu. Walipofika kwenye kona ya barabara, Babu yupo. Mkeka umetandikwa. Babu amenyoosha miguu kama yuko sebuleni kwake.

Gari likija, Tunu na Babu walikuwa na kazi moja tu.

Vuuum! Vumbi! Kofia juu!

Vumbi lote liliishia puani mwao. Mama aligomba kuhusu nguo. Wao walicheka tu.

Kila jioni, Mama naye alikuwa na neno lake. Alisema, "Tunu, tangulia kitandani. Nakuja." Na kweli alikuja.

Kwa hiyo Tunu alijua. Aliyetangulia hungoja. Ukimfuata, unamkuta.

Mwaka huu, wakati wa masika, Babu aliugua. Alikohoa, kohoo, kohoo. Akapelekwa hospitali. Baiskeli ikabaki imeegemea ukuta.

Siku moja Tunu akapelekwa kucheza kwa jirani. Aliporudi, nyumba ilikuwa imejaa watu. Wanawake wamekaa chini. Baba ana macho mekundu.

Tunu akauliza Babu yuko wapi. Mama mmoja akampapasa kichwani. "Babu ametangulia, mwanangu," akasema.

Jamani, wakubwa na maneno yao.

Tunu hakulia. Watu wakamshangaa. Wakanong'onezana kwamba mtoto huyu ana moyo mgumu.

Moyo mgumu wapi! Tunu alijua Babu ametangulia wapi. Ametangulia kwenye kona. Na aliyetangulia hungoja. Ukimfuata, unamkuta.

Basi Tunu akangoja siku ya magari. Akangoja, akangoja. Masika yakaisha. Matope yakakauka, barabara ikarudi kuwa vumbi.

Siku ikafika. Mama alisema hana nguvu ya kwenda. Baba akasema Mzee asingependa wakae ndani. Wakajiandaa.

Mama alikaanga vitumbua. Tunu alikula kimoja. Kingine alikifunga kwenye leso. Hicho kilikuwa cha Babu.

Baba akachukua mkeka nyuma ya mlango. Tunu akashangaa. Kumbe mkeka uko hapa? Na baiskeli nayo bado iko ukutani?

Maskini Babu. Mwaka huu amesahau kila kitu. Sasa amekaa kwenye vumbi, peke yake, na njaa yake.

"Twendeni upesi," Tunu akasema. "Babu ametangulia."

Mama akajifuta macho kwa upindo wa khanga. "Ndiyo, mwanangu," akajibu. "Ametangulia."

Mnaona? Mama alisema lake. Tunu akasikia lake.

Wakatembea. Mkonge huku, mkonge kule. Tunu alikuwa mbele, leso mkononi. Aliyetangulia hungoja. Ukimfuata, unamkuta.

Kwenye kona watu walikuwa wengi. Muuza mihogo yupo. Mwenye bendera yupo. Tunu akakimbia mpaka mahali pao, pale penye jiwe pana.

Palikuwa na nyasi tu.

Akachungulia nyuma ya jiwe. Babu hayupo. Akachungulia nyuma ya muuza mihogo. Babu hayupo.

Halafu akaiona. Kofia ya bluu! Ile pale, katikati ya watu. Tunu akapenya, akapenya, akashika shati kwa nyuma, akavuta.

Mzee akageuka. Alikuwa babu wa watu wengine.

Vuuum! Vumbi!

Gari la kwanza likapita. Tunu hakulitazama.

Alirudi kwa Mama polepole. Kitumbua kilikuwa kimepondeka ndani ya leso.

"Mama," akauliza, "Babu ametangulia wapi?"

Mama akamtazama Tunu. Akaitazama leso. Ndipo akaelewa. Akakaa chini palepale, kwenye vumbi, na khanga yake nzuri. Akampakata.

"Tulikwambia vibaya, Tunu," akasema. "Babu amekufa. Tulimzika. Neno hilo lilitushinda kulitamka, ndiyo maana tukasema ametangulia."

"Hangoji?"

"Hangoji, mwanangu."

"Na mwakani?"

"Hata mwakani. Babu harudi."

Tunu akalia. Akalia machozi ya leo, na yale yote ya masika ambayo hakuyalia. Mama akalia naye. Baba akageukia mkonge, akalia huko huko.

Vuuum! Vumbi! Vuuum! Vumbi!

Magari yakapita, jekundu, la njano, la kijani. Wao hawakuyaona. Muuza mihogo aliwaletea maji ya kunywa, akaenda zake bila kuuliza kitu.

Baada ya kitambo Tunu akafungua leso. Aliuliza kitumbua cha Babu sasa apewe nani.

Baba alikaa chini karibu nao. Akakikata vipande vitatu, kimoja cha Mama, kimoja cha Tunu, kimoja chake. Kilikuwa na mchanga. Wakakila hivyo hivyo, hadi kikaisha.

Kisha Baba akatia mkono mfukoni. Akatoa kofia ya bluu. Safari hii ni yenyewe, ya Babu. Alikuwa ameichukua asubuhi, na hata yeye hakujua kwa nini.

Akamvika Tunu. Ikashuka mpaka puani. Ndani yake kulikuwa na harufu ya Babu, harufu ya sabuni ya mche na jasho la baiskeli. Tunu akakaa humo humo gizani, akinusa.

Watu wakaanza kuondoka. Mwenye bendera akasema limebaki moja.

Likaja. Lilikuwa bovu, maskini. Bampa linaburuta chini, kwara, kwara, kwara. Tunu akapanda juu ya jiwe. Machozi yalikuwa bado yanamtoka. Akaivua kofia.

Vuuum. Vumbi.

Kofia juu.

Dereva akamwona. Akapiga honi, piii! Tunu akacheka kidogo. Halafu akalia tena. Inawezekana kabisa, mimi mwenyewe imenitokea.

Wakakunja mkeka. Wakarudi nyumbani, mkonge huku, mkonge kule. Tunu hakuwa mbele tena. Alikuwa katikati, mkono huu kwa Mama, mkono huu kwa Baba.

Wakaoga, vumbi likatoka. Wakala. Baba akagongelea msumari karibu na kitanda cha Tunu, ko, ko, ko, akaitundika kofia hapo.

Tunu akapiga miayo. Mama alikuwa anakusanya vyombo. Akafungua mdomo kama kila siku.

"Tunu, tangulia..."

Akakatiza. Tunu alikuwa amemng'ang'ania khanga.

"Mama, mimi sitaki kutangulia."

Mama akaweka masufuria chini. Leo vyombo vilale vichafu, nani atakufa kwa vyombo?

"Basi," akasema, akamshika mkono. "Twende pamoja."

Wakaenda pamoja.