Chui Aliyetazama Kushoto

Zama za vita vya ndugu wawili wa Mwambore, hapakuwa na fundi wa kumshinda Shekuwe. Kazi ya kuchapa nguo kwa vibao, ambayo wengine waliisotea miaka saba, yeye aliimaliza kwa siku saba. Naapa.

Ndugu wale walirithi nembo moja, chui. Wa mji alitazama kulia. Wa adui aliyeuzingira mji, kushoto. Wapiga mishale wa bara walikuwa njiani kuja kuuokoa mji, nao wangewatambua wenzao kwa vitambi, nguo za kujifunga viunoni, zenye chui wa mji. Vitambi arobaini. Mwana Zaituni, fundi aliyeingiwa na ukungu machoni, akampa Shekuwe kazi.

"Vibao vitatu," alisema. "Cha masizi, cha nili, cha wekundu. Na uchonge kinyume, mwanangu. Ukichonga kulia, nguo itatoa kushoto."

"Mama, hilo hata mbuzi analijua."

"Mbuzi hachongi. Ukishindwa, sema. Kibao changu cha zamani kina ufa, lakini chui wake ni wa kwetu."

Shekuwe akachonga huku akiimba. Kitambi cha kwanza kilipoinuliwa, chui alitazama kushoto. Kusema alishindwa? Yeye, wa siku saba?

"Lete nikishike," akasema Mwana Zaituni, akinyoosha vidole.

Shekuwe akampa kibao kile cha zamani, ufa ameuziba kwa nta. Vidole vikapita puani, shingoni, mkiani.

"Umejua, mwanangu."

Shekuwe akachapa vitambi vyote arobaini kwa vibao vyake mwenyewe. Mashujaa walijifunga alfajiri, giza halijatoka, Kombo, mtoto wa Mwana Zaituni, akiwa mbele. Jua lilipopanda walikuwa wamelala uwandani, mishale ya marafiki vifuani. Watu wa bara wakarudi kwao. Mji ukaanguka.

Shekuwe alikimbia. Wasema hata mchana husikia kiganja kikigonga mgongo wa kibao: pa, pa, pa. Huhesabu. Kikifika arobaini, huanza upya.

Nilipofika hapo katika kusimulia, mwaka wa kumi tangu vita, katika mji wa ugenini, sauti ilitoka nyuma ya baraza.

"Msimulizi, umetaja nta."

"Naam, bibi."

"Niliikuta kwa ukucha wangu baada ya mazishi. Sikumwambia mtu. Na chumbani tulikuwa wawili tu."

Baraza likacheka, likidhani ni utani. Nami nilicheka.

Kizee akanyoosha vidole.

"Kiganja chako. Lete nikishike."