Marehemu Mwenye Kivuli

"Huyu ndiye mchumba wangu, na hao ni watoto wake wawili. Mama yao alifariki mwaka juzi."

Jamani... soda ilinikwama kooni!

Sebuleni kwa mwanamke nisiyemjua, huku Kibondo, imetundikwa picha niliyoipiga MIMI. Mume wangu Tharsisi kachuchumaa kwenye majani, binti yetu Winnie kamning'inia shingoni, mdogo wake anacheka na pengo lake.

Marehemu ndiye mimi! Nimekaa kwenye kochi, nimempakata kitinda mimba wetu, nakunywa soda.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mimi ni wa Kasulu. Studio sina, kamera sina, nina simu tu. Tharsisi anafanya kazi Kibondo. Akija nyumbani, Jumapili jioni tunapanda kilimani nyuma ya nyumba, nawaacha wacheze, nawapiga bila kuwapanga. Mtoto akishasahau kwamba kuna simu, picha inakuja yenyewe.

Tharsisi alizipenda kweli. "Nitumie zote, mama. Nikizimisi nyuso zenu niziangalie."

Lakini mimi simo hata kwenye moja.

"Baba Winnie, leo tutege simu kwenye kisiki, na mimi niingie."

"Aah, mama! Mtu mmoja lazima ashike simu. Na mwenye mkono mzuri ni wewe."

Halafu anaongeza, "Ondoa na hizo kandambili zako, zinaharibu picha."

Naziondoa. Naondoa na kanga yangu. Mjinga mimi, nilidhani anajua picha!

Mwezi uliopita ikaingia simu, namba ngeni.

"Mwakeye, dada," akanisalimia kwa Kiha. "Naitwa Claudine, niko Kibondo. Nimeziona picha zako. Jumamosi nina wageni, wanakuja kujitambulisha. Njoo utupige zile za nje, za asili."

Mteja wangu wa kwanza! Nilifurahi mpaka nikasahau kuuliza picha kaziona wapi. Tharsisi alishaniaga kwamba ana semina Kakonko. Nikawaacha wakubwa kwa jirani, nikambeba kitinda mimba, Niyubahwe, mgongoni, nikapanda basi.

Ndiyo nikafika hapa, nikakuta nilishazikwa.

Nyie, ule haukuwa wivu. Kilikuwa KINYAA. Nilimwangalia yule mwanaume anavyotabasamu ukutani, nikahisi nimekula kitu kilichooza. Tabasamu lile alikuwa ananitolea mimi, nyuma ya simu!

Nikasimama niondoke.

"Kaa, dada," Claudine akasema. Muda wote alikuwa ananiangalia usoni.

Akaishusha picha. Akaweka kidole chini kabisa, kwenye majani.

"Kivuli hiki ni cha nani?"

Nikainama. Siku ile jua lilikuwa mgongoni kwangu, kivuli kikaanguka mbele. Kilemba. Viwiko viwili juu, vimeshika simu. Kichwa kidogo kinachungulia begani, viguu viwili vinaning'inia kiunoni.

Huwa nakikata. Hiyo nilisahau.

"Tangu lini marehemu akawa na kivuli?" akauliza.

"Umenipataje wewe?"

"Kwenye simu yake. Picha zote zinatoka kwa mtu aliyemsevu 'Fundi Bomba Kasulu'. Nikawaza, fundi bomba gani huyu anatuma picha za watoto? Nikapiga. Ukapokea wewe, na mtoto analia nyuma."

Fundi Bomba! Miaka tisa ya ndoa ya kanisani, mimi ni Fundi Bomba!

"Nisamehe kwa yale maneno. Nilitaka nione uso wako kwanza," akasema. Halafu akamshika Niyubahwe mguu. "Na huyu... hajawahi kumtaja."

Hapo ndipo nililia. Mimi ameniua, sawa. Lakini mwanangu hata kuzaliwa hakuzaliwa!

Saa kumi jioni wageni wakaingia, mimi nachungulia kutoka chumbani. Tharsisi katikati ya wazee watatu nisiowajua, kavaa shati nililolipiga pasi mimi, la semina.

"Wazee wangu," Claudine akasema, "kabla ya mazungumzo, tukae hapo nje mpiga picha atupige."

Nikatoka, mtoto mgongoni, simu mkononi.

"Sogea kidogo, Baba Winnie. Jua likae mgongoni kwangu."

Kivuli changu kikaanguka juu ya viatu vyake. Uso ukamsawijika. Mnajua alisema nini?

"Wazee, huyu mama mimi simfahamu!"

Niyubahwe akanyoosha mikono. "Babaaa!"

Claudine akampa mzee mmoja ile picha. Mzee akaangalia picha, akaangalia kivuli chini, akaniangalia mimi. Akatema mate pembeni.

"Ulituambia wewe ni mgane. Mgane gani mkewe anampiga picha?"

Wakachukua jogoo waliyemleta kujitambulisha, wakaondoka. Wakamwacha amesimama hapo hapo, na shati langu.

Jumapili iliyopita alikuja Kasulu. Alitukuta kilimani, tumetandika mkeka, simu nimeshaitega kwenye kisiki. Akapiga magoti.

"Mama Winnie, nisamehe. Tuwe kama zamani."

Watoto walikuwa wanatazama, nikajizuia nisimtapikie.

"Na mimi niingie kwenye picha?" akauliza.

Nikaitoa simu kwenye kisiki, nikamkabidhi.

"Mtu mmoja lazima ashike simu."

Akapiga. Akanirudishia simu, nikamwonyesha njia aliyojia.

Dada zangu mnaowapiga wenzenu picha kila siku, njia ya mwongo ni fupi, lakini msiingoje ifike mwisho. Tegeni simu kwenye kisiki, muingie. Mtu akikuambia unaharibu picha, muulize anakwenda kumwonyesha nani.

Picha yenyewe ndiyo hiyo hapo juu. Mimi, wanangu watatu, kanga yangu, na kandambili mbele kabisa. Kule chini kwenye majani kulikuwa na kivuli cha mtu.

Nimekikata.