Kitabu cha Geji

Jumamosi, saa moja na robo asubuhi, kibarua Raimundi alikutwa amekufa juu ya jukwaa la kisima cha zamani cha gesi, ndani ya ziwa mkabala na kijiji cha Lundo. Kizibo alichokuwa akikifungua kilikuwa kimemrukia kifuani. Ukungu ulililalia ziwa, na mapovu yalipanda polepole kana kwamba chini huko kuna mtu anaota. Inspekta Safina aliyapenda, kisha akaona haya kuyapenda mbele ya maiti.

Kwenye geji ya kupimia presha ya gesi, mshale mwekundu, ule unaobaki pale presha ilipofika juu kabisa, ulisimama kwenye mia tisa.

Ofisini ufukweni, msimamizi Bernadi, mtu wa Matiri kule milimani, alifungua kitabu. Kazi yake ilikuwa kwenda na boti kila asubuhi kusoma geji. Kitabu kilisema arobaini, kila siku, hadi Ijumaa.

"Joakim alitengeneza valvu wiki iliyopita, akaiharibu," alisema. "Mfunge pingu, afande."

Fundi Joakim alisogea mbele. "Afande, kisima kimezeeka. Saruji imepasuka, gesi inapenya kati ya bomba na bomba kidogo kidogo. Kufika mia tisa ni wiki nzima, si usiku mmoja."

Mkewe, Hedwiga, alisimama mlangoni na mtoto mgongoni. "Juzi Alhamisi tumemzika mama Aurelia, hata mtumbwi mmoja haukugusa maji, ndiyo desturi yetu. Leo Raimundi. Na mume wangu mnampeleka jela?"

Safina alimgeukia msimamizi.

"Shikamoo, mzee Bernadi. Hata sijakusalimu."

"Marahaba."

"Alhamisi ulisoma geji saa ngapi?"

"Imeandikwa. Saa kumi na mbili na nusu."

"Ulikuwa peke yako ziwani?"

"Wapi! Wavuvi walijaa, wakivuta nyavu za usipa."

Hedwiga ndiye aliyeguna kwanza. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Bernadi iliishia hapo.

"Alhamisi hakuna aliyekuwa ziwani, mzee," Safina alisema taratibu. "Ulikuwa wapi?"

Bernadi alikifunga kitabu. "Matiri, nachuma kahawa. Tangu wimbi litake kunizamisha mwezi wa tatu, sijapanda boti. Gati letu liko nyuma ya mawe, hakuna aliyejua. Naogopa maji, afande. Mtu mzima mimi, msimamizi! Niliona aibu kusema, nikawa naandika arobaini hapa hapa mezani."

"Na Raimundi akaiamini arobaini yako, akafungua kizibo bila kutazama geji."

Bernadi alinyoosha mikono. Safina alimfunga pingu, akamwambia Joakim aende nyumbani. Lakini Hedwiga hakuondoka. Alimsogelea mzee yule, na hasira yote ilikuwa imemtoka.

"Ungesema tu, baba. Raimundi alikulia majini. Angekusomea kila siku, wala asimwambie mtu."